Vidonge vya Jumapili usiku: nilivyopima madhara ya dawa za ukurutu

Naandika hii kwa wale wenye upele usioisha, waliopewa dawa ya cheti hospitali, wakafika nyumbani wakasoma ile karatasi ya ndani ya boksi wakaogopa, dawa ikabaki kabatini. Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga, nina ukurutu wa miaka mingi (wengine wanaita pumu ya ngozi), uko mikononi, kwenye viwiko kwa ndani na shingoni. Na baridi ya huku mnaijua, mwezi wa sita ukiingia ule upepo mkavu ngozi inapasuka katikati ya vidole, ukishika sindano damu inatoka. Kuna gauni jeupe la kipaimara nililitoa vitone vya damu usiku kwa maji baridi na chumvi maana mwenyewe alikuwa analifuata asubuhi. Na usiku ndo shida zaidi, unajikuna usingizini mpaka mume wangu anaamka kunishika mikono.

Dokta wa ngozi Iringa mjini kabla ya kuandika chochote alikwangua ngozi kidogo ipelekwe maabara kuangaliwa fangasi. Nikamuuliza kwa nini, akasema ukipaka steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) juu ya fangasi muwasho unatulia lakini fangasi wenyewe wanazidi kusambaa na wanabadilika sura mpaka kuwatambua inakuwa kazi. Majibu yakatoka hamna fangasi, akanipa betamethasoni ya asilimia 0.1 ya mikono na viwiko, na haidrokotisoni ya asilimia 1 ya shingo, kwasababu ngozi ya shingo ni laini dawa inapenya haraka.

Zote mbili ni krimu za steroidi, na sasa mimi steroidi nilikuwa naziogopa sana. Nina jirani alipaka krimu ya kujichubua yenye klobetasoli, steroidi kali sana, muda mrefu, uso ukawa mwekundu, vimishipa vinaonekana, jua kidogo tu analia. Nikamwambia dokta wazi, mi sitaki kufika huko. Hakukasirika, akasema madhara ya krimu yanategemea ukali wake, unapaka wapi na kwa muda gani, halafu akanikamulia kwenye kidole cha shahada, kutoka ncha mpaka mstari wa pingili ya kwanza, akasema hiyo ni kama nusu gramu na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Kwa kweli hapo ndo hofu ilipungua, maana nilikuwa na kipimo mkononi na tarehe ya kuacha, sio kupaka tu mpaka tyubu iishe. Nikawa napaka usiku maana mchana mafuta yanachafua vitambaa vya watu, juu yake mafuta ya mgando, halafu navaa soksi za pamba mikononi nalala.

Ikasaidia, lakini kiangazi kilichofuata ukarudi mwili mzima nikapewa prednisoloni ya vidonge, nayo ni steroidi ila ya kumeza. Hii inafanya kazi haraka jamani, ndani ya siku chache nimelala kama mtoto. Ila njaa haiishi, usingizi ukaanza kukatika kwa namna nyingine, sura ikavimba, na kwetu upande wa baba kuna sukari, prednisoloni inapandisha sukari na presha pia, kwahiyo nikawa napimwa. Dozi ikapunguzwa taratibu, na ukiwa umeimeza kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo unaweza kuzidiwa vibaya. Tulivyofika dozi ndogo upele huo ukarudi.

Ndo dokta akataja methotreksati, vidonge vya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili ili ngozi itulie. Nilisoma karatasi yake nikiwa nimekaa kwenye cherehani: ini, mapafu, damu kupungua, mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro. Na sisi tulikuwa tunapanga mtoto mwingine. Dada yangu akasema achana nayo, bora ujikune. Nikamwelewa, ila yeye alikuwa anailinganisha dawa na mtu mzima asiye na tatizo, wakati mimi natakiwa niilinganishe na maisha niliyonayo, silali, vidonda vinaingia usaha, wateja wanaondoka, na prednisoloni kila baridi ambayo nayo ina madhara yake ya mifupa na sukari. Mizani yangu ilikuwa hiyo.

Nikarudi na maswali kwenye daftari la vipimo vya wateja. Madhara gani yanaonekana kwenye damu kabla sijaumwa? Tunapima kila baada ya muda gani? Nikitaka mtoto inakuwaje? Akanijibu moja moja. Kabla ya kuanza nikapimwa damu, ini, figo, homa ya ini B, VVU na picha ya kifua. Kuhusu mtoto, dokta akasema tusubiri, niwe kwenye uzazi wa mpango wakati wote nikiwa kwenye dawa, na nikiacha ipite miezi sita ndo tujaribu. Tukakaa na mume wangu tukakubaliana, haikuwa rahisi, mama mkwe bado anauliza.

Dawa hii inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, narudia kwa wiki, watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Mi nilichagua Jumapili usiku kwasababu kesho yake inaleta kichefuchefu na uchovu, na Jumatatu kazi huwa ndogo, Ijumaa na Jumamosi ndo watu wanafuata nguo. Kalenda iko ukutani juu ya cherehani, nikimeza natia alama. Nina foliki asidi (vitamini) ya siku nyingine, inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nimeacha hata msimu ukiwa umekolea, ini halihitaji mizigo miwili. Na septrin, ile antibayotiki, msichukulie poa, ukichanganya na methotreksati inaweza kushusha chembe za damu hatari kabisa, na huku ukienda duka la dawa na kikohozi ni rahisi kupewa, kwahiyo mi naanza kwa kusema ninachomeza kabla sijasema ninachoumwa. Hata diklofenaki ya maumivu ya mgongo namuuliza dokta kwanza. Nikipata homa, vidonda mdomoni au kikohozi kikavu na kubanwa pumzi sisubiri tarehe ya kliniki.

Haikufanya kazi haraka, wiki za mwanzo nilikata tamaa, krimu ndo ilinishikilia. Saivi viwiko vimepona, vidole vinapasuka kidogo tu baridi ikizidi. Kipimo kimoja ini lilipanda kidogo, dozi ikashushwa, likarudi sawa. Baridi ya mwaka huu ikipita tutaangalia na dokta kama naweza kuacha, ndo tuanze kuhesabu ile miezi sita.