Baba yangu na nyufa zake za penseli

Nimerudi. Mnaoniuliza mbona kimya kirefu namna hii, jibu ni kwamba nimekuwa nikipekua makaratasi ya Baba. Alizikwa nikiwa ughaibuni, na wasifu wa marehemu nilitumiwa kwenye simu. Niseme ukweli, ulinikera. "Mhandisi mahiri na baba mwenye upendo." Maneno hayo unaweza kumsomea marehemu yeyote, ukabadilisha jina tu. Basi acheni na mimi niseme yangu.

Baba alikuwa injinia wa ujenzi, hasa madaraja. Sitampamba: miaka mingi alikuwa mtu wa saiti, nasi tulimpata mwisho wa wiki, viatu vimegandamana saruji. Mama ndiye aliyetulea siku za katikati, na Baba mwenyewe hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni.

Lakini akiwepo, alikuwepo kwelikweli. Ilipomwagwa zege ya ghorofa ya nyumba hii, alitupa watoto kazi ya kuimwagilia maji asubuhi na jioni. Tukaona tunaonewa. Akatuketisha, akatueleza kwamba zege haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakuwa ngumu kwa sababu saruji na maji vinaungana kuwa kitu kipya, na ikinyimwa maji mapema inapasuka na kubaki dhaifu. Nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28, na kwenye nyumba yake hakuna aliyethubutu kugusa mirunda iliyoishikilia kabla Baba hajasema. Mdogo wangu alikuwa bado hajaanza shule, lakini siku hizo alizihesabu kwa mkaa ukutani.

Wiki hii alikuja fundi mmoja wa zamani kutupa pole. Akatusimulia jinsi Baba alivyowabomolesha nguzo nzima. Walikuwa wameongeza maji kwenye mchanganyiko ili zege imwagike kirahisi, maana jua lilikuwa kali na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Mbao zilipotolewa, nguzo ina matobo hadi nondo zinaonekana. Mkandarasi akataka ipigwe plasta mambo yaishe. Baba akakataa, akakaa palepale mpaka ikavunjwa. "Tulimchukia, mwanangu, tena sana," mzee akasema huku anacheka. "Sasa vijana wangu wananichukia mimi, kwa sababu ileile."

Hadithi zake za usiku nazo zilikuwa za aina hiyo. Wenzetu walipata za sungura na fisi. Sisi tulipata daraja la Quebec, kule Kanada. Urefu wa sehemu ya kati ya daraja hilo uliongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wake haukupigiwa hesabu upya kama ilivyopasa. Vyuma vikaanza kujipinda, watu wa saiti wakaona, wakaandika barua. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York, mgonjwa, akisimamia kazi kwa mbali. Alipoelezwa ana kwa ana alituma simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe, lakini aliituma kiwandani Pennsylvania, si kwenye daraja. Jioni hiyohiyo, tarehe 29 Agosti 1907, likaanguka na kuua watu 75. Hapo Baba alikuwa akinyamaza kidogo, kisha anauliza: "Nani alijua, na alimwambia nani?" Hadithi gani hiyo ya kumlaza mtoto! Ila swali lake hilo nimelitumia kazini maisha yangu yote, na mimi wala si injinia.

Nilipohamia ng'ambo na kumpigia kumwambia nimepata chumba ghorofa ya tisa, hakuuliza kodi wala majirani. Aliuliza ngazi ya dharura iko wapi, na kama nimeishuka mwenyewe kwa miguu. Nikasema bado. Akasema, "Kaishuke, nakusubiri kwenye simu." Huo ndio upendo ambao wasifu uliufungia kwenye neno moja.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu wa sasa, maana upo. Ukuta wa sebuleni una ufa mwembamba, umeanzia kona ya dirisha na kupanda kwenda darini. Kwenye ncha yake Baba alichora mstari wa penseli na kuandika tarehe. Ufa uliposogea alichora mwingine, na tarehe nyingine. Ndivyo wahandisi wanavyofanya: ufa uliosimama ni wa plasta au wa nyumba kujikalia, ufa unaotembea ndio wa kuogopa. Mistari iko minne, mwandiko wa mwisho unatetemeka. Nimesogeza kiti nikaangalia kwa tochi: ufa haujavuka mstari wa nne.

Kaka anataka sebule ipakwe rangi kabla wageni wengine hawajafika. Shangazi anasema atakayeugusa ukuta ule atamjua yeye ni nani. Mama hajasema neno. Mimi nimependekeza rangi ipakwe kuta tatu, huo mmoja ungoje masika ipite tuone kama ufa utasogea, kwa sababu nina hakika mwenye nyumba angetaka majibu kwanza. Kaka amekubali shingo upande. Penseli ninayo mimi.