Bamvua lililoirudisha mashua ya baba, na mdogo wangu pia

Walionipongeza kwa kupatana na mdogo wangu ni wengi, na wengi wao ndio walewale walionipa ushauri uliokaribia kutumaliza. Mmoja ananiambia, "Mfuate leo leo, mkae kitako, myamalize." Mwingine ananiambia, "Mwache, siku zitapita, atasahau." Nilizijaribu njia zote mbili na zote zilinishinda. Kilichonifaa nilikijua tangu utotoni, ila sikuwahi kufikiri kwamba kinahusu watu. Nilidhani kinahusu maji tu.

Kwetu ni Pemba, upande wa magharibi, kwenye hori, mkono mdogo wa bahari, lenye mikoko kushoto na kulia. Marehemu baba alituachia mashua moja, sisi wanaume wawili. Mwaka 2025 Idi ndogo iliangukia mwisho wa Machi, na Idi ndogo kila mwaka huja na bamvua, yale maji makubwa, maana mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, jua na mwezi huwa upande mmoja na huyavuta maji kwa pamoja. Bamvua la Machi na la Septemba ndiyo makubwa kushinda ya miezi mingine. Mwaka ule tena mwezi wenyewe ulikuwa umeikaribia dunia, bahari ikapanda mpaka kwenye majani ambako mbuzi hulala. Tukaona hii ndiyo nafasi ya kuipandisha mashua tuipige kalafati, tuzizibe nyufa zake. Alasiri ya siku ya pili ya Idi tulikuwa watu wanne tu, na ikaingia juu kwa wepesi.

Jioni yake, tukiwa kwenye sinia, nikamuuliza mdogo wangu mashine ya mashua iko wapi. Alikuwa ameiuza bila ya kuniambia. Nikamwita mwizi. Mama anasikia, wake zetu wanasikia, watoto wamevaa nguo za sikukuu, wageni wamekuja kutoka Wete. Akanawa mkono, akamwita mkewe, wakaondoka. Mpaka leo neno lile linaniuma kuliko mashine yenyewe.

Basi mashua ikabaki juu ya majani na sisi tukabaki kimya. Aprili, Mei. Mvua za masika zikanyesha, kusi likaanza kuvuma.

Ikafika Idi kubwa, mwezi wa Juni, na mimi nikaamua kumaliza mambo yote mawili kwa siku moja. Nilikusanya vijana kumi na mmoja, nikawapikia pilau, nikawalipa na kitu kidogo, jumla ikanitoka laki na ushee. Tukachomeka miti chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, tukashika kamba, mmoja akaanza kuimba tukaitikia. Mashua ikalia. Tukavuta tena. Ikasogea upana wa kiganja, ikainama ubavu, na taruma moja, mti wa ubavu wa ndani, likapasuka kwa mlio ambao nadhani hata watu wa msikitini waliusikia. Vijana wakaachia kamba. Maji yalikuwa kule mbali, kama hatua hamsini, yametulia wala hayana habari na sisi.

Sikukoma. Nilichukua mguu wa mbuzi, nikachukua wazee wawili, nikaenda kwa mdogo wangu moja kwa moja. Nilikuwa nimeyapanga maneno: mimi nilikosea hivi, wewe ulikosea vile, tusameheane. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, kaka, kwa kitoweo." Akainuka. Wazee wakanitazama, mimi nikatazama mkeka.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa vyombo, aliyekuja kulitazama lile taruma. Hakunicheka. Aliuliza, "Mwanangu, hii uliipandisha lini?" Nikamwambia Idi ndogo. "Na leo mwezi wa ngapi?" Leo mwezi kumi, yaani tarehe kumi ya Mfungo Tatu. Akanyamaza ili niseme mwenyewe. Mwezi kumi ni maji mafu! Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Mimi, mtoto wa pwani, nimepandisha chombo kwa maji makubwa ya mwaka, kisha nataka kukishusha kwa maji mafu, kwa nguvu za vijana. "Kilichopandishwa na bamvua," akasema, "kinangoja bamvua mfano wake. Lakini usikae bure. Ukikaa bure, hata hilo bamvua likija litakuta kuni."

Usiku ule sikulala, nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu. Neno nililomwambia lilimtupa juu kabisa, mbele ya watu wote, siku ya furaha. Mguu wa mbuzi na wazee wawili ni maji mafu. Haukuwa wakati wake, na nilivyokwenda pia nilikosea, maana nilimwendea uso kwa uso. Nahodha gani anaielekeza omo, mbele ya chombo, kwenye upepo wenyewe? Tanga linapigapiga tu na chombo kinarudi nyuma. Upepo wa mbele unaendewa kwa bisho, huku kidogo na kule kidogo. Kiswahili chetu hichohicho kinasema kubisha ni kupinga maneno na kubisha ni kukiendesha chombo penye upepo wa mbisho. Mimi nilikuwa najua kubisha kwa kwanza tu.

Basi nikaanza kazi. Mbao za mashua zikikaa juani hukauka zikaachana, kwa hiyo kila jioni nilizimwagia maji ya chumvi. Nilitoa farumi yote, yale mawe ya kukipa chombo uzito, jiwe moja moja, na ndipo nilipojua tulivyokuwa tunavuta mzigo bure ile siku ya Idi. Maji yakitoka, nilichimba mfereji kuanzia kwenye mkuku kuelekea horini. Mikoko sikuigusa, na naomba wengine wasiiguse, ndiyo inayoushika ufukwe wetu.

Kwa mdogo wangu nilifanya hayohayo. Farumi ilikuwa ile mashine. Nilimwambia mama, mbele ya mke wangu, kwamba sidai tena, iliyouzwa imeuzwa. Sikumtuma mtu apeleke habari hiyo. Jua ni kubwa mno kuliko mwezi, lakini kwenye kuyavuta maji mwezi unalishinda zaidi ya mara mbili, kwa kuwa uko karibu. Mjomba wetu mwenye cheo huko Dar es Salaam alipiga simu mara nne na hakuna kilichosogea. Mke wangu na shemeji wanachota maji kisima kimoja. Bakuli la muhogo wa nazi lilikwenda, likarudi na samaki. Watoto wakaanza kulala huku na huku. Nilichofanya mimi ni kutouliza kitu.

Watu wa Makunduchi, kule Unguja kusini, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili wanachapana kwa migomba mpaka vinyongo vinatoka, kisha wanakula pamoja. Wao wamelitengea siku bamvua lao. Nyumba zetu hazina siku hiyo, ndiyo maana kinyongo kinapasukia kwenye sinia la Idi.

Ikaja Septemba. Siku chache baada ya Maulidi, usiku wa Jumapili tarehe 7, mwezi ukapatwa wote. Baada ya isha uliliwa kidogo kidogo mpaka ukawa mwekundu kama ngeu. Watu walijaa msikitini, tukasimama kwa sala ya kupatwa, rakaa ndefu sana. Nilipotoa salamu upande wa kulia, aliye begani mwangu ni mdogo wangu. Sijui nani alisimama kwanza.

Tulitoka nje, wote tukitazama juu. Sikumtajia mashine wala Idi. Nilisema, "Keshokutwa maji yatafika majanini."

Kimya kidogo. "Saa ngapi?"

"Baada ya alfajiri."

Akatazama mwezi tena. "Kamba unayo, kaka, au nije na yangu?"

Jumanne tulikuwa watu watano. Kusi lilikuwa limelegea, hori limetulia, mwezi bado uko juu ya mikoko. Maji yaliingia kwenye mfereji taratibu, yakaugusa mkuku, yakazunguka. Hatukuimba. Mdogo wangu alisukuma bega lake kwenye tezi, nyuma ya mashua, mimi ubavuni, na mashua ikaondoka kama mtu anayeamka.

Ilikuwa inavuja, bila shaka, miezi mitano juani si mchezo. Alishika usukani, akaniambia nifue maji. Nikashuka ngamani na kopo, nikafua mpaka jua likapanda, na yeye akaanza kunisimulia habari za dago, kule wavuvi wanakopiga kambi.