Chicha Ndani ya Tui

Msimu ule mikarafuu ilizaa hata matawi yakainama, na Pemba ikizaa namna ile watu hawalali. Mchana wapo juu ya miti, usiku wapo jamvini wanachambua makonyo. Kituoni kwetu wapandaji walikuja mara moja tu, wakilalamika mgongo na mabega, kisha hatuwaoni tena. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inauzwa dukani kama peremende, na mtu akishalijua jina haoni haja ya kupanga foleni.

Ami mmoja aliletwa baada ya isha, juu ya bodaboda, mkewe nyuma kamkumbatia asianguke.

"Halali, dokta," mkewe akasema. "Usiku wa tatu huu anakaa kitako barazani kaegemea ukuta. Akijinyoosha tu, anakabwa."

Kwa maneno hayo nilikwishajua nusu ya habari. Mwenye maji mapafuni hubanwa zaidi akilala, kwa sababu damu iliyotuama miguuni hurudi kifuani kwa pamoja, na moyo uliochoka hauwezi kuisukuma yote. Nilimbonyeza muundi kwa dole gumba, nikahesabu mpaka kumi, nikaachia. Shimo lilibaki pale pale. Punje ya mahindi ingekaa.

Mwenzangu alikuwa ameshapima presha: 228 kwa 134. Lakini alifunga mkanda juu ya mkono wa shati, na mkanda wenyewe ule wa kawaida, ilhali mikono ya ami ilikuwa ya mtu aliyepanda mikarafuu tangu ujana. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau sehemu nne kati ya tano za mkono. Ukiwa mfupi, namba hupanda kuliko ukweli. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, namba hupanda vile vile. Nikamvua shati, nikafunga mkanda mkubwa, mkono nikaulaza mezani usawa wa kifua, mgongo ukaegemezwa, miguu haikupandana, na nikawaomba wote wanyamaze, maana hata kujibu salamu huongeza namba. Ikasoma 210 kwa 122. Usiku ule tofauti haikubadili kitu. Kwa mtu wa 130 ingemtia kwenye vidonge vya maisha bila ugonjwa wowote, na nahisi tumeshawatia wengi.

Mwenzangu akaitafuta nifedipini, dawa ya kushusha presha, ile ya kupasua na kudondoshea chini ya ulimi. Nikamzuia. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo uliozoea kusukumiwa damu kwa nguvu huishiwa, na mtu aliyekuja anazungumza hupooza mbele ya macho yako. Tulimkalisha wima, miguu ikining'inia kitandani, tukamwekea oksijeni kwa kuwa kifaa cha kidoleni kilisoma oksijeni ya damu asilimia 84, tukampa furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, miligramu 40 kwenye mshipa, tukaita gari ya wagonjwa.

Mkojo ulipotoka tuliukinga kwa kikopo cheupe. Povu likakaa juu yake, zito, na halikuvunjika hata tulipoacha kikopo dirishani. Kikaratasi cha kupimia protini kikageuka kijani iliyokolea: alama tatu.

"Povu hilo la nini?" mkewe akauliza.

Nilihangaika na maneno ya kitabuni, kisha nikakumbuka kifumbu. Ukikamua nazi kwa kiasi, tui hupita na chicha hubaki. Ukikaza kwa nguvu zako zote, kila siku, nyuzi za kifumbu hulegea na chicha huanza kutoka na tui. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na presha ndiyo mkono unaokamua. Protini ndiyo chicha, haitakiwi kupita. Ubaya wake ni kwamba mishipa ya figo ikishakakamaa, figo hudhani mwili umepungukiwa damu, huamsha homoni za kubana mishipa na kubakisha chumvi, na presha hupanda tena. Moyo nao, unaosukuma dhidi ya mishipa iliyobana, hutuna nyama upande wa kushoto, unakuwa mgumu, haujazi vizuri, na damu inarudi nyuma mapafuni. Ndiyo ile kukabwa.

"Ami, vidonge vya presha ulikuwa unakunywa?"

"Niliviacha," akajibu, maneno mawili kwa pumzi moja. "Kile cha kukojosha. Nikimeza asubuhi, nashuka mtini mara tano. Pishi nitajaza saa ngapi?"

Kadi yake ilikuwa mkononi mwangu na mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeandika dawa ya kukojosha, moja kila asubuhi, sahihi kabisa kwa mujibu wa mwongozo, na hakuna mahali nilipoandika kazi yake kwa sababu sikumuuliza. Mtu aliye juu ya mti, kiguu na njia tangu alfajiri, hakupuuza dawa. Alipiga hesabu.

Badala yake alikuwa akimeza diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni, wiki ya tano ile. Dawa hiyo hubakisha chumvi na maji mwilini, kwa hiyo presha hupanda. Tena huzima kemikali inayouweka wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio, kwa hiyo figo iliyokwisha umia hunyimwa damu pia. Na mlo wa shambani ulikuwa muhogo kwa ng'onda. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya samaki. Kuloweka ng'onda na kumwaga maji hupunguza chumvi, hakuimalizi.

Hospitali alikaa siku tisa. Kreatinini yake, taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ilisoma 412, wakati mwanamume mzima haitarajiwi apite 110 hivi, na ikaanza kuzungumzwa habari ya kuvuka kwenda Unguja kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Diklofenaki ilipokatwa na presha kutulizwa, ilishuka taratibu, na baada ya wiki sita ikagota 188. Hapo ndipo ilipobaki. Sehemu iliyoumizwa na diklofenaki ilirudi. Ile iliyoliwa na presha miaka na miaka, hairudi.

Alirudi kwetu na dawa ya presha, amlodipini miligramu 10, kidonge kimoja kisichomshusha mtu mtini, ingawa mtini hakupanda tena. Maumivu, parasetamoli.

Msimu uliofuata nilimkuta jamvini, anachambua. Mkewe akaniita pembeni: miguu imevimba tena. Nikabonyeza, shimo likaingia, na moyo wangu ukaruka. Lakini alikuwa akilala chali usiku kucha, na kwenye daftari la skuli la mjukuu mkewe alikuwa ameandika uzito wake kila Ijumaa: 68, 68, 67 na nusu, 68. Maji yakirundikana mwilini, mizani husema. Huu ulikuwa uvimbe wa amlodipini yenyewe, ambayo hufungua mishipa midogo na maji yakavujia kwenye vifundo. Tukaishusha iwe 5, tukaongeza losatani miligramu 50, inayopunguza uvujaji wa protini, na baada ya siku kumi tukapima tena kreatinini na potasiamu, kwa sababu losatani kwenye figo dhaifu ikiachwa bila kuangaliwa huweza kupandisha zote mbili. Zilikuwa zimetulia.

Siku ile ya kupima alikuja na kikopo chake mwenyewe, kimefunikwa kwa kitambaa. Nilipotoa kikaratasi, mkewe alisogea karibu kabla rangi haijakaa.

"Chicha kiasi gani leo?"

Alama moja.