Kumbukumbu ya mradi: stata inayojikokota, na injini inayotaka kuwaka funguo ikiachiwa

Gari lina chasisi ya mabomba, bodi ya faibaglasi na injini ya petroli ya silinda nne, ya kabureta na platini (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche). Betri nimeiweka nyuma ya viti ili uzito ugawanyike vizuri, kwa hiyo kebo nene ya chanya inasafiri karibu mita 4 hadi kufika kwenye stata, mota inayozungusha injini ili iwake. Nyaya zote zimeshafungwa na injini ina mafuta. Kilichobaki kilikuwa kuwasha, na hapo ndipo kazi ya awamu hii ilipoanzia.

Dalili ya kwanza: nikizungusha funguo solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inagonga, taa za dashibodi zinafifia, injini inajikokota nusu mzunguko na kukwama. Wakati mwingine inagonga mfululizo, ta-ta-ta-ta, na injini haisogei kabisa.

Mlio huo wa mfululizo unaeleza mengi. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili. Moja ni ya kuvuta, na inakula umeme mwingi. Nyingine ni ya kushikilia, na inakula kidogo. Koili ya kuvuta inapata njia yake ya hasi kupitia mota yenyewe ya stata, kwa hiyo swichi kubwa ya ndani ikishafunga, ncha zake zote mbili zinakuwa chanya na inanyamaza. Kinachobaki ni ile ya kushikilia. Kama volti zinaporomoka mota inapoanza kuvuta, koili hiyo inashindwa, springi inarudisha plunja (chuma kinachovutwa na koili), volti zinapanda tena, solenoidi inavuta tena, na mchezo unaendelea hivyo hivyo. Ukisikia ta-ta-ta, fuatilia volti zinapopotelea kabla hujafungua stata.

Betri ikiwa imetulia mita ilisoma volti 12.6, maana yake imejaa. Wengi huridhika na namba hiyo, kisha wanaivua stata na kubadilisha kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota. Lakini volti hupotea pale mkondo unapopita. Kebo iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itakuonyesha 12.6 bila shida, kwa sababu mita inavuta mkondo mdogo mno kuweza kufichua udhaifu wake. Stata ya injini ndogo inataka ampea mia na zaidi, na chini ya mzigo huo ndipo kebo inaposema ukweli wake.

Basi nikapima huku stata ikipigwa. Waya wa chanya wa koili ya cheche (si zile za solenoidi) nimechomoa ili injini isiwake, gia iko huru, matairi yamewekewa vizuizi, msaidizi ameshika funguo. Tunapiga sekunde chache tu, kisha tunaiacha stata ipoe. Kwenye vichwa vya betri nilipata volti 11.4. Kati ya boliti kubwa ya stata na bodi yake, 8.1. Volti 3.3 zinapotea njiani, na mota iliyokusudiwa kupata 10 au zaidi haiwezi kuzungusha injini kwa 8.

Kutafuta zilikopotelea ni kazi ya kufurahisha kweli. Ncha moja ya mita inakaa kwenye kichwa cha chanya cha betri, ya pili kwenye boliti ya stata, na unapiga stata. Mita inasoma moja kwa moja kile kilichopotea kwenye njia hiyo. Upande wa chanya: 0.4. Kwa kebo ndefu kama yangu hilo linavumilika, na kikomo ninachofuata ni 0.5. Upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi bloku ya injini: 2.9. Nikaugawanya: betri hadi chasisi 0.1, chasisi hadi injini 2.8.

Injini imekaa kwenye raba, kwa hiyo haigusani na chasisi ila kupitia mkanda mmoja wa shaba. Mkanda ulikuwa mzima na nati imekazwa sawasawa. Tatizo lilikuwa kwenye sikio la chasisi linaloupokea: rangi ya kuokwa ilikuwa imefunika chuma chote, hata ndani ya nyuzi za boliti, na umeme ulikuwa unapita kwenye vijisehemu vichache tu. Nikakwangua hadi chuma king'ae, nikafunga kwa washa yenye meno, nikapaka grisi juu ili kutu isiingie. Nimeongeza pia mkanda wa pili, kutoka chasisi hadi kwenye boliti inayoshikilia stata. Kwa gari la bodi ya faibaglasi naona hili ni la lazima, maana hakuna bati la kusaidia. Mkanda huo ukilegea, umeme utatafuta njia kupitia kebo ya akselereta na kuichoma.

Baada ya hapo stata ilizunguka kwa nguvu. Vipimo vipya: betri 10.8, stata 10.1. Volti za betri zimeshuka kuliko mwanzo, na hiyo ni dalili njema: sasa mota inapata mkondo wake kamili, kwa hiyo betri inafanya kazi zaidi.

Nikarudisha waya wa koili ya cheche. Injini ikazunguka vizuri, haikuwaka. Ila kila funguo ilipoachiwa kurudi, ilikohoa mara moja kama inayotaka kuwaka. Kikohozi hicho ni ushahidi mzito: cheche ipo funguo ikiwa kwenye "washa", haipo ikiwa kwenye "stata". Taa ya majaribio kwenye chanya ya koili ilithibitisha. Inawaka, funguo ikisogea kwenye stata inazimika.

Koili yangu ni ya omu 1.5 na inafanya kazi pamoja na kizuizi (kipande kinachopunguza umeme) cha omu 1.5. Platini zikiwa zimefunga, koili inabaki na nusu ya volti za betri, na hivyo haipati joto kupita kiasi. Katika mfumo huu, stata ya zamani ilikuwa na kichwa cha ziada kidogo kilicholeta volti zote kwenye koili wakati wa kupiga stata, kikiruka kizuizi. Swichi ya funguo ilitengenezwa ikitegemea hilo, ndiyo maana inakata njia ya kawaida injini ikizungushwa. Stata niliyofunga ni ya kisasa zaidi na haina kichwa hicho. Koili ikabaki bila umeme.

Nimeweka rilei mbili (swichi zinazofungwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), zote zinaamshwa na waya wa stata unaotoka kwenye swichi. Ya kwanza inapeleka umeme kwenye solenoidi kwa waya mnene, na swichi imepumzika na mzigo ule. Ya pili inalisha koili moja kwa moja. Kuna rilei yenye vichwa viwili vya 87 (namba ya kichwa cha kutolea umeme) ambayo ingeonekana kufaa kwa kazi zote mbili. Usiitumie hapa. Vichwa hivyo vimeungana ndani, kwa hiyo injini ikiwa inatembea umeme wa koili utarudi hadi kwenye solenoidi, na unaweza kuizuia isiachie: meno ya stata yatabaki yameng'ang'ania flaiwili (gurudumu zito la injini) inayozunguka kwa kasi.

Injini imewaka, na sasa inawaka kila mara, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Kazi inayofuata ni altaneta, inayochaji betri. Taa ya chaji haiwaki funguo inapofunguliwa, na kwa altaneta ya aina hii mkondo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha. Nitaanza na soketi ya balbu, kisha waya wa D+ (kichwa cha altaneta kinachopokea mkondo wa balbu hiyo) kutoka mwanzo hadi mwisho.