Canberra kwa pikipiki: msafara wa Septemba na yanayowakwamisha wageni

Bodaboda wanapomzika mwenzao, huku kwetu Afrika Mashariki msafara wao husikika kabla haujaonekana: honi, matawi kwenye taa, wawili watatu wamesimama juu ya siti. Australia nako, kila Septemba, pikipiki nyingi mno hupanga mstari kuwakumbuka polisi waliokufa kazini. Ukiingia mle na mbwembwe za bodaboda, utatolewa mstarini mapema.

Msafara unaitwa Wall to Wall, yaani ukuta hadi ukuta, na ulianza mwaka 2010. Watu wa kila jimbo huondokea kwenye ukumbusho wa polisi wa kwao na kukutana Canberra, mji mkuu, kwenye Ukumbusho wa Taifa wa Polisi ulioko King's Park, kando ya ziwa Burley Griffin. Hufanyika katikati ya Septemba, kabla ya tarehe 29 ambayo ndiyo siku yenyewe ya kuwakumbuka. Kila jimbo hubeba kijiti kama kile cha mbio za kupokezana, ila hiki kina uwazi ndani, na humo hutiwa majina ya marehemu. Raia nao hujiandikisha, na pesa zinazopatikana huenda kwa Police Legacy, wanaowasaidia wajane na watoto.

Umbali si mchezo. Sydney hadi Canberra ni kama kilomita 290, Melbourne 660, Brisbane 1,200, Perth karibu 3,700. Wa Perth hupita uwanda mkavu wa Nullarbor, ambako kuna kipande cha kilomita 146 bila kona hata moja. Tairi la nyuma huliwa katikati tu hadi likawa bapa, na siku ukifika kwenye kona za kweli pikipiki inagoma kulala.

Leseni nayo ina mtego. New South Wales, jimbo la Sydney, mwanafunzi na mwenye P nyekundu, yaani leseni ya muda ya hatua ya kwanza, hawaruhusiwi kuvuka kilomita 90 kwa saa, na barabara kuu ya Hume, ya Sydney hadi Melbourne, inaruhusu 110. Ukiburuzwa na kundi, faini ni yako peke yako. Helmeti iwe na alama ya viwango vya Australia na New Zealand, AS/NZS 1698, au ya Ulaya, ECE 22.05 au 22.06. Yenye alama ya DOT ya Marekani pekee haikubaliki, hata kama uliinunua ghali.

Sasa mstari wenyewe. Australia huendeshwa kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyezoea kuendesha Goma, Kigali au Bujumbura ageuze kichwa kwanza. Kiongozi hukaa upande wa kulia wa njia yake, karibu na mstari wa katikati. Wa pili hukaa kushoto, sekunde moja nyuma yake. Wa tatu anarudi kulia, sekunde mbili nyuma ya kiongozi, na kwa mwendo wa 100 hizo ni kama mita 55. Kwenye kona kali mpangilio huo unavunjwa: mnafuatana mmoja mmoja, kila mtu achague njia yake.

Kinachowaumiza wengi ni kule mkiani. Hesabu: pikipiki 40 zikiachana sekunde moja moja, kwa mwendo wa 100 mstari unapita kilomita moja. Kiongozi akitoka kwenye kibao cha 50 na kufungulia mafuta, wa mwisho bado yuko mjini, anaona wenzake wanayeyuka, naye anakimbiza 130 kuwafikia. Halafu wa mbele wanapunguza, na nyuma kila mmoja anakanyaga breki kwa nguvu kuliko aliyemtangulia. Kiongozi mzuri hukaa kwenye 80 kwanza hadi vioo vyake vijae taa. Wageni wawekwe nyuma yake tu; kuwaweka mwisho "wasisumbue" ni ukatili.

Kwenye makutano, anayemfuata kiongozi husimama akionyesha njia, na haondoki hadi apite mfunga mkia, yaani wa mwisho kabisa wa kundi. Akichoka dakika mbili kabla, nusu ya kundi inaishia kwenye shamba la kondoo.

Asubuhi ya Septemba Canberra inaweza kushuka karibu na sifuri. Vidole vikifa ganzi, klachi na breki vinachelewa, kwa hiyo vaa glavu za baridi, si zile nyepesi za jua. Alfajiri na magharibi kangaruu huvuka, na akipita mmoja, subiri wa pili. Funga breki pikipiki ikiwa imenyooka, usimkwepe kwa kuyumba. Mizigo isifungwe kwa mipira yenye kulabu: ukikatika mmoja unaingia kwenye mnyororo, na gurudumu la nyuma linakwama hapo hapo.

Mkikaribia ukumbusho hakuna honi wala kupiga resi. Ukutani kuna vibao vya shaba vyenye majina, na watu huvigusa kwa mkono uliovuliwa glavu.

Jambo dogo la mwisho: mapumziko mara nyingi huwa kwenye uwanja wa nyasi, na udongo wa majira haya ni laini. Beba kopo lililopondwa, uliweke chini ya stendi. Pikipiki ya kilo 300 ikizama polepole wakati mwenyewe anakunywa chai, huwa haiangukii chini, bali huiangukia ya jirani.