Sebule ya kijani hafifu: wiki ya tatu

Mkono wa kwanza wa rangi umekauka. Jana jioni, jua la magharibi likiingia dirishani, ukuta ulikuwa vile vile nilivyouota: rangi ya nyama ya parachichi, pale inapokaribia ganda. Usiku nikawasha taa, ile balbu nyeupe kali, sebule ikageuka zahanati. Mama Zuhura akasimama mlangoni: "Daktari yupo?"

Nimeshabadilisha balbu, nimeweka ya mwanga wa manjano. Kijani kimerudi. Ila nimejifunza kutoihukumu rangi kwa siku moja. Hapa Jinja ikweta iko karibu mno, jua hupita kaskazini kati ya Machi na Septemba, kisha huhamia kusini. Dirisha letu la kusini sasa halioni jua kabisa. Desemba litaona, na sijui nitakuwa na sebule ya rangi gani.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za msasa tu, sina la kusimulia. Aliyekaa hapa kabla yetu alipaka rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, kama madarasa ya zamani. Rangi ya maji haishiki juu ya mng'ao ule, itabanduka kama ganda la kitunguu. Basi nikasugua mpaka mng'ao ukaisha, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikaacha ukuta ukauke.

Kosa langu lilikuwa kwenye hesabu. Kuta zina mita za mraba 36 baada ya kutoa mlango na madirisha. Lita moja hupaka kama mita 10, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7 na kidogo. Nikanunua makopo mawili ya lita 4, nikajiona mjanja. Kumbe plasta ya juu, isiyowahi kuona rangi ya mafuta, ina kiu! Mkono wa kwanza pekee umekunywa lita 5.

Nikarudi dukani kuongeza kopo. Muuzaji akachanganya kwa jicho, tone hili, tone lile, akanihakikishia ni ile ile. Nilipaka kidogo kwenye kipande cha katoni, nikakibandika ukutani: kimeelekea buluu. Kubishana naye kungenigharimu siku nzima. Fundi jirani, mzee wa hapa Walukuba, akacheka tu. "Mwanangu, mimina yote ndoo moja." Nikamimina lita 3 zilizobaki na 4 mpya, nikakoroga kwa mti mpaka mkono ukafa ganzi. Lita 7 za rangi moja, za kufunika kuta zote nne.

Nitapaka Jumamosi asubuhi, mvua isije ikanikuta mchana. Chini kabisa nitapiga mstari wa kahawia, shubiri moja, kwa sababu ya vumbi jekundu na miguu ya watoto. Mama Zuhura anaona shubiri moja haitoshi. Mpaka hapo viti viko barazani chini ya turubai, na wageni tunawapokea huko huko.