Gari lilikula mafuta miezi minne, kumbe ni gasketi ya ekzosi

Julai mwaka jana tulitoka Njombe alfajiri kwenda Makambako. Baridi kali, vioo vyote tumefunga, hita nimeiwasha hadi mwisho. Ni kama kilomita 60 tu, lakini hatujafika hata nusu binti yangu wa miaka sita akasema, "Mama, kichwa kinaniuma, nataka kutapika." Nikaegesha pembeni. Akashuka, akakaa kwenye upepo robo saa, akachangamka kabisa. Tulipoondoka kikaanza tena. Na mimi kilikuwa kinaniuma, ila nilisingizia usingizi.

Gari letu ni la petroli, silinda nne, la mwaka 2001, lile la juu la kubebea familia. Lilikuwa limenisumbua miezi minne. Taa ya injini haizimiki, na lita iliyokuwa inanipeleka kilomita tisa na ushee sasa haifiki saba. Gereji ya kwanza walipima kwa mashine ikatoa namba P0171, yaani kompyuta inaona hewa imezidi na petroli haitoshi. Wakabadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, shilingi 180,000. Siku tatu taa ikarudi. Wakasafisha nozeli, wakaweka pampu mpya ya mafuta. Ikarudi. Asubuhi gari likiwa la baridi lilikuwa linagonga tik-tik-tik, likishapata moto mlio unapotea. Nikaambiwa ni valvu tu, gari limezeeka.

Makambako nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za mafuta. Nilipofika kwenye habari ya mtoto kuumwa akanikatiza: "Mama, gari hili lilale hapa. Kesho nataka nilisikie likiwa la baridi."

Asubuhi akaliwasha, akamwambia kijana wake azibe mdomo wa ekzosi kule nyuma kwa tambara nene lililolowa, yeye akainamia injini. Moshi ulipokosa njia nyuma, mbele kukasikika fsss. Akafungua bati la kukinga joto, akanimulikia kwa tochi. Pale manifoldi ya ekzosi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, inapoungana na injini, kwenye silinda ya nne, palikuwa na masizi yaliyotambaa juu ya chuma kama ya kibatari ukutani. Stadi mbili, zile skrubu zinazoishikilia, zilikuwa zimekatika. Gasketi, ile ya kuziba maungio yasivuje, imeliwa, na kwenye pengo niliweza kupitisha ncha ya ukucha.

Hapo ndipo mambo yote yakaungana. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo, ufa ule unavuta hewa ya nje kuingia kwenye bomba. Sensa iko mbele ya ufa huo, kwenye njia ya moshi. Inakutana na oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, kompyuta inadhani petroli ni pungufu, inaongeza. Sensa ya zamani haikuwa na kosa lolote. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unabana ingawa hauzibi kabisa, ndiyo maana mlio ulikuwa unapotea. Na hita inavuta hewa yake chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na injini. Tulikuwa tunapashwa joto kwa hewa iliyochanganyika na moshi.

Hili ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kabonimonoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukiona kichwa kinauma ndani ya gari na kinapoa ukishuka, tafadhali fungua vioo na usiendelee na safari, hasa kama nyuma kuna watoto.

Kazi ilichukua siku mbili. Vipande vya stadi alivitoa kwa kuchomelea nati juu yake na kuzungusha polepole. Manifoldi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi mpya ilikuwa shilingi 35,000. Alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, akaliwasha, akaliacha lipoe, akakaza tena. Taa haijarudi, na lita imerudi kwenye kilomita zake tisa.

Wakati wa kurudi Njombe niliacha kioo wazi kidogo pamoja na baridi ile. Binti alilala. Nilimwamsha mara tatu kumuuliza kama kichwa kinauma, na mara ya tatu akaniambia nimwache alale.